Bomba la feni ya kufyonza hewa: jinsi ya kulichagua na kulifunika

Mji wa Mlolongo, katika Kaunti Ndogo ya Mavoko, umekua kando ya Barabara ya Mombasa, na jina lake linakumbusha foleni ya malori yanayosubiri kupimwa uzani. Tangu mwaka wa 2022 mji huu pia ni mwanzo wa barabara ya Nairobi Expressway inayoelekea Westlands. Majumba ya ghorofa yameongezeka pande zote mbili, na mengi yamejengwa yakikaribiana. Vumbi na kelele za magari huwafanya wakazi wengi wafunge madirisha mchana kutwa. Aidha, kuna bafu na jikoni ambazo hazina dirisha la kufungukia nje, au dirisha lake linatazama ukuta wa jirani.

Katika nyumba za aina hiyo, feni ya kufyonza hewa, ambayo mafundi huiita ekstrakta, si anasa. Huondoa mvuke wa bafuni unaoleta kuvu ukutani, na huondoa moshi na mafuta ya kupikia yanayochafua hewa wanayovuta watoto na wazee. Hata hivyo, baada ya feni kuwekwa, malalamiko mawili husikika mara kwa mara. La kwanza ni kwamba feni inanguruma lakini mvuke hautoki. La pili ni kwamba maji yanadondoka kutoka kwenye feni yenyewe, hasa asubuhi za baridi kati ya Juni na Agosti.

Mara nyingi feni yenyewe haina kasoro. Kasoro iko kwenye bomba ambalo halionekani, lile lililofichwa juu ya dari. Somo hili linaeleza jinsi ya kuchagua bomba hilo, jinsi ya kulipitisha na jinsi ya kulifunika ili lisitoe maji.

1. Feni inahitaji kiasi gani cha hewa?

Kwenye kasha la feni huandikwa kiasi cha hewa inayosukumwa kwa saa. Kiasi hicho kwa kawaida hupimwa feni ikiwa haijaunganishwa na bomba lolote. Ikishaunganishwa na bomba refu lenye kona nyingi, kiasi halisi huwa kidogo zaidi, na wakati mwingine hakifiki hata nusu.

Kwa kulinganisha, kanuni za ujenzi za Uingereza hutaka feni ya bafuni iondoe angalau lita 15 za hewa kwa sekunde. Hiyo ni sawa na mita 54 za ujazo kwa saa. Kwa jikoni hutaka lita 30 kwa sekunde ikiwa hewa inavutwa karibu na meko, na lita 60 ikiwa feni iko mahali pengine jikoni. Tofauti hiyo ina funzo: moshi ukikamatwa pale unapotoka, kazi ya feni hupungua kwa nusu.

Tuseme bafu lina urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kimo cha mita 2.4. Ujazo wake ni mita 7.2. Feni inayoondoa mita 54 za ujazo kwa saa itabadilisha hewa ya bafu hilo mara saba na nusu kwa saa, yaani takribani kila baada ya dakika 8. Kwa hiyo feni inafaa kuachwa ikizunguka kwa muda baada ya mtu kumaliza kuoga, badala ya kuzimwa mara anapotoka.

Hewa inayotoka lazima iwe na hewa inayoingia kuchukua nafasi yake. Mlango wa bafu ukigusa sakafu, feni huzunguka bila kufyonza. Pengo la milimita 10 chini ya mlango hutosha kwa bafu la kawaida.

2. Upana wa bomba

Mabomba yanayotumika sana majumbani yana kipenyo cha milimita 100 (inchi 4), 125 (inchi 5) na 150 (inchi 6). Kanuni ya kwanza ni rahisi: bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo wa feni au wa hudi ya jikoni. Hudi yenye mdomo wa milimita 150 isibanwe iingie kwenye bomba la milimita 100 kwa sababu tu tundu la ukutani ni dogo.

Hesabu inaonyesha ni kwa nini. Bomba la milimita 100 lina eneo la ndani la sentimita mraba 79. La milimita 150 lina sentimita mraba 177, yaani zaidi ya mara mbili. Lita 60 za hewa kwa sekunde zikipita katika bomba la 150, hewa husafiri kwa kasi ya mita 3.4 kwa sekunde. Zikilazimishwa kupita katika bomba la 100, kasi hupanda hadi mita 7.6 kwa sekunde. Kelele huongezeka, na msuguano dhidi ya hewa huongezeka zaidi ya mara saba. Feni ndogo ya nyumbani haina nguvu ya kuushinda, kwa hiyo moshi hubaki jikoni.

Kwa bafu la kawaida, bomba la milimita 100 linatosha likiwa fupi. Likizidi mita tatu hivi, ni afadhali kutumia la milimita 125. Kwa hudi ya jikoni, 150 ndiyo chaguo salama.

3. Bomba la aina gani?

Bomba gumu la mabati. Hili ndilo bora kwa jikoni. Ndani ni laini, hewa hupita bila kukwaruzwa, mafuta hayapati mikunjo ya kujificha, na haliwaki moto. Vipande viunganishwe kwa tepu ya alumini inayostahimili joto. Skrubu ndefu zinazochomoza ndani ziepukwe, kwa sababu hunasa mafuta na uchafu.

Bomba la plastiki la PVC. Mafundi wengi hutumia bomba la maji taka la inchi 4 kwa feni ya bafuni. Kwa mvuke wa kuogea linafaa: ni laini ndani, halishiki kutu na viungo vyake hufungwa kwa gundi. Kwa hudi ya jikoni halifai. Mafuta hukusanyika ndani, na moto wa sufuria ukivutwa juu, plastiki huungua na kutoa moshi wenye sumu.

Bomba la alumini la mikunjo. Ni rahisi kupitisha juu ya dari, na ndiyo maana hupendwa. Lakini mikunjo yake hukwaza hewa. Litumike kwa kipande kifupi tu cha kuunganisha feni na bomba gumu, na livutwe hadi linyooke kabisa. Kosa la kawaida ni kununua mita 3 kwa safari ya mita 1.5, kisha kuacha mita zilizobaki zikijikunja juu ya dari. Bomba lililolegea hivyo huongeza msuguano mara kadhaa, na pale linapobonyea hugeuka kuwa bakuli la maji.

Tepu ya kitambaa yenye rangi ya fedha, inayouzwa kwa matumizi ya kila aina, haifai kwa viungo vya bomba lolote kati ya haya. Gundi yake hukauka kwa joto la chini ya mabati na kuachia.

4. Njia ya bomba

Bomba liwe fupi na lenye kona chache. Kila kona ya digrii 90 hukwaza hewa kama mita kadhaa za bomba lililonyooka. Ikiwa kona haiepukiki, kona mbili za digrii 45 zilizoachana ni bora kuliko moja kali.

Feni bapa ya panga, ile inayobandikwa ukutani, imeundwa kusukuma hewa kupita unene wa ukuta au bomba fupi sana. Kwa bomba refu, fundi aulizwe kuhusu feni ya gurudumu au ile inayowekwa katikati ya bomba, kwa sababu hizo zina nguvu ya kushinda msuguano.

Bomba liishie nje ya jengo. Kuna nyumba ambazo bomba lake huishia juu ya dari ya jipsamu, chini ya mabati. Mvuke huo hauendi popote: huozesha mbao za paa, hulowesha jipsamu na kuacha madoa ya kahawia. Bomba la hudi likiishia hapo, mafuta hukusanyika juu ya mbao na kuwa tayari kushika moto.

Katika majumba ya ghorofa kuna shimo la hewa linalopanda katikati ya jengo. Kabla ya kuelekeza bomba humo, ni lazima kujua shimo hilo linafunguka wapi. Likiwa limefunikwa juu, au likiwa na madirisha ya bafu za majirani, moshi wa ghorofa ya pili utaingia nyumba ya ghorofa ya tatu. Bomba la jikoni na la bafuni yasiunganishwe pamoja, kwa kuwa feni moja ikizimwa nyingine itasukuma harufu na mafuta upande wa pili.

Mdomo wa nje uwekewe kilango chepesi kinachofunguka hewa inapotoka na kujifunga feni inapozimwa. Mlolongo na Athi River, palipo na malori na viwanda vya saruji, mdomo ulio wazi huingiza vumbi nyumbani kila upepo unapovuma. Wavu wa kuzuia ndege uwe wa matundu makubwa kiasi na uweze kutolewa kusafishwa. Wavu mdogo kama wa mbu huziba kwa vumbi na mafuta.

5. Kwa nini bomba hutoa maji?

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Kwa nyuzijoto 25, mita moja ya ujazo ya hewa inaweza kubeba takribani gramu 23 za mvuke. Kwa nyuzijoto 12, inaweza kubeba gramu 11 tu. Hewa ya bafuni iliyojaa mvuke ikipoa kutoka 25 hadi 12, gramu 12 kwa kila mita ya ujazo lazima zigeuke matone.

Katika msimu wa baridi, alfajiri, nafasi iliyo chini ya mabati huwa baridi kama nje, na bomba tupu la chuma huwa baridi vilevile. Watu wawili wakioga kwa dakika 10 kila mmoja, feni ya mita 54 kwa saa hupitisha mita 18 za hewa. Kama hewa hiyo yote ingepoa hadi nyuzijoto 12 ndani ya bomba, ingeacha zaidi ya gramu 200 za maji, sawa na glasi moja. Hata robo ya kiasi hicho, kila asubuhi kwa miezi mitatu, inatosha kushusha maji kwenye mota ya feni, kuishika kutu na kuchora madoa kwenye dari.

Wakazi wengi hudhani paa linavuja na kumwita fundi wa mabati. Ishara ya kutofautisha ni wakati: maji yakidondoka asubuhi isiyo na mvua, baada ya watu kuoga, chanzo ni bomba.

6. Jinsi ya kulifunika bomba

Lengo ni kuzuia joto la hewa lisipotee kabla hewa haijafika nje. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko sufi ya kioo. Ndiyo maana tabaka la sufi hiyo lenye unene wa milimita 25 hubadilisha hali kabisa. Plastiki ya PVC hupunguza joto kupotea kidogo tu, kwa hiyo nayo inahitaji kufunikwa.

Kazi hufanywa kwa hatua hizi:

Kwanza, viungo vyote vya bomba vizibwe kwa tepu ya alumini au gundi kabla ya kufunikwa. Hewa yenye mvuke ikivuja, italowesha sufi, na sufi iliyolowa hupitisha joto na kukosa kazi.

Pili, bomba lipewe mteremko kuelekea nje, sentimita moja kwa kila mita. Maji machache yatakayojitokeza yatatoka nje badala ya kurudi kwenye feni. Bomba likilazimika kupanda wima hadi kwenye paa, liwekewe kikusanyio cha matone chenye kijibomba cha kuyatoa.

Tatu, bomba lizungushiwe sufi ya kioo au sufi ya mwamba yenye ngozi ya alumini upande wa nje. Isikazwe kwa kamba hadi ibonyee, maana kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa ndani ya sufi. Mishono yote ifungwe kwa tepu ya alumini.

Nne, kifuniko kianzie kwenye shingo ya feni hadi ukutani bila kuacha pengo. Nusu mita iliyoachwa wazi itatoa maji.

Kwa bafu, povu jeusi la mpira linalotumika kwenye mabomba ya viyoyozi linafaa pia. Kwa hudi ya jikoni, itumike sufi ya kioo au ya mwamba tu, kwa kuwa haziwaki. Anayeishika sufi ya kioo avae glavu, barakoa na nguo ya mikono mirefu, kwa sababu nyuzi zake huwasha ngozi na koo.

Bomba linalopita moja kwa moja ukutani kwa sentimita 20 halina haja ya kufunikwa. Mteremko mdogo kuelekea nje unatosha.

7. Mambo ambayo feni haiwezi kuyazuia

Hapa pana hatari inayogharimu maisha. Jiko la makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Feni haimruhusu mtu kuwasha jiko la makaa katika chumba kilichofungwa, wala kulala nalo ndani. Umeme ukipotea usiku, feni husimama na jiko huendelea kutoa sumu.

Feni yenye nguvu inaweza pia kuleta hatari yenyewe. Ikiwa nyumba imefungwa kila upande na ina hita ya maji ya gesi yenye bomba lake la moshi, feni inayokosa hewa ya kuvuta inaweza kuurudisha moshi wa hita ndani. Hita ya aina hiyo isiwekwe bafuni pamoja na feni, na fundi wa gesi aliyehitimu aikague kabla ya feni yoyote kuongezwa.

Dalili za sumu hiyo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na udhaifu. Watu kadhaa wa nyumba moja wakizihisi kwa wakati mmoja, watoke nje mara moja na waende hospitalini. Nambari za dharura ni 999 au 112.

Gesi ya kupikia nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa sakafuni, mbali na feni iliyo juu. Harufu ya gesi ikisikika, feni isiwashwe na swichi yoyote isiguswe, kwa kuwa cheche ndogo inaweza kulipua chumba. Mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, na watu watoke.

8. Umeme, ukuta na idhini

Feni ya bafuni iwe na alama ya IPX4 au zaidi, inayoonyesha kuwa inastahimili kurushiwa maji. Waya ziunganishwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, na pawe na swichi ya kukata umeme wakati wa kusafisha feni.

Mpangaji apate idhini ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa. Nguzo na mihimili ya zege isitobolewe kamwe bila ushauri wa mhandisi. Anayejenga upya au kubadilisha jengo anahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Wakati wa kuchora ramani ndio wakati rahisi zaidi wa kuonyesha njia ya bomba, kwa sababu tundu linaloachwa katika zege mapema huokoa gharama ya kulitoboa baadaye.

Orodha ya kukagua kabla ya kumlipa fundi

• Bomba si jembamba kuliko mdomo wa feni.
• Bomba la hudi ni la chuma.
• Bomba la mikunjo ni fupi na limenyooshwa.
• Bomba limefika nje, na kilango cha nje kinafunguka feni inapowashwa.
• Kuna mteremko kuelekea nje.
• Kifuniko hakina pengo wala mshono ulio wazi.
• Mlango umefungwa, karatasi ya shashi inashikwa na feni bila kuanguka.

Mwenye nyumba aombe kuona bomba kabla ya dari kufungwa. Jipsamu ikishapakwa rangi, kulikagua ni lazima kuivunja.

Maswali ya kujipima

Swali: Feni mpya ya bafuni inanguruma lakini kioo kinabaki na ukungu. Kianze kukaguliwa nini?
Jibu: Pengo chini ya mlango, kisha urefu, kona na mikunjo ya bomba, kisha kilango cha nje kama kinafunguka.

Swali: Maji yanadondoka kwenye feni mwezi wa Julai bila mvua. Je, mabati yabadilishwe?
Jibu: La. Bomba lizibwe viungo, lipewe mteremko na lifunikwe.

Swali: Je, bomba la PVC la inchi 4 linaweza kutumika kwa hudi yenye mdomo wa inchi 6?
Jibu: La, kwa sababu mbili: ni jembamba mno, na plastiki haifai kwa moshi wa jikoni.

Swali: Gesi ikisikika jikoni, feni iwashwe ili iitoe?
Jibu: La. Swichi isiguswe. Mtungi ufungwe, milango na madirisha yafunguliwe, watu watoke nje.